Mvinyo Mwekundu wa Usambara Waonjwa Mlalo

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye amepata udhuru na hivyo nimejikaimisha mwenyewe, waheshimiwa madiwani, wachungaji wetu, mashehe wetu, ambao glasi zenu tumezifunika kwa heshima, wazee, shikamooni, wadau wa mnyororo mzima wa thamani kuanzia Mombo hadi hapa Mlalo, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa. (Makofi, safu ya mbele.)

Mimi, Daktari Mtarajiwa Justin Elinuru, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Zabibu za Milimani, nimekuja tuonje kwa pamoja mvinyo mwekundu wenye viungo, tunda la maono yangu. Shikeni glasi kama mimi. Msinywe kwanza, nuseni. Mtakutana na pilipili manga, kwa mbali karafuu, halafu joto linalopanda kooni taratibu kama lori la mbao kwenye kona za Soni. Na mvinyo wa namna hii hauambatani na kila chakula. Upembuzi yakinifu umebaini kwamba asilimia themanini na saba nukta nne ya ladha yake hufunguka mbele ya mbuzi wa kuchoma, au makande yaliyolala na nyama. Kabichi hapana. Kabichi imeonekana haina ushirikiano. (Minong'ono kwa wakulima wa kabichi.)

Naona Mama Secilia amenyoosha mkono. Mpeni kipaza sauti. (“Mwanangu, hii ni juisi ya rozela. Imechemshwa na tangawizi na pilipili manga. Nilimkuta Loyce wa mgahawa wa stendi akiichuja asubuhi.” Kicheko kirefu.)

Ahsante, Mama. Kitaalamu hiyo tunaiita sampuli wakilishi. Katika kipindi hiki cha mpito rozela inaiwakilisha zabibu, jambo ambalo limepanua wigo wa ushirikishwaji. Mashehe, funueni glasi.

Mzee Sefania, usisimame, mgongo utakuuma. Haya, sema. (“Mlituambia tung'oe miti yetu ya matunda, miplamsi, miche ya zabibu ikija ikute shamba jeupe. Nimeng'oa yote. Masika mawili yamepita. Miche iko wapi?”)

Swali zuri, na limepokelewa. Miche ipo kwenye mchakato. Lakini, Mzee wangu, tuangalie na upande wa mafanikio. Lengo lilikuwa kusafisha shamba kwa asilimia sitini. Wewe umesafisha asilimia mia. Umevuka lengo, na jina lako nimelitaja katika vikao vikubwa ambavyo wewe huwezi kuingia. (“Wajukuu zangu walikuwa wanasoma kwa plamsi zile,” anasema Mzee Sefania. Bado amesimama.) Hilo nalo tumelichukua.

Sasa nikisema Zabibu, itikieni Juu. Zabibu! Mvinyo! (Mtu anakohoa.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mpiga picha wetu, Yassin, ambaye tangu tuanze hajakaa chini. Ripoti ya kukamilika kwa mradi ilishapelekwa juu Juni mwaka jana, ikasifiwa sana, na mradi ukafungwa rasmi. Ilikuwa imepungukiwa na kiambatisho kimoja tu, picha za wakulima wakifurahia mavuno. Mzee Sefania, kwa kuwa umeshasimama, inua glasi kidogo. Hapo hapo. Tabasamu, Mzee wangu. Ahsanteni kwa kunisikiliza.