Mifupa ya Baba Mkwe

Jamani, leo nimeaibika mbele ya baba mkwe, na aibu yenyewe nimeichemsha kwa mikono yangu asubuhi nzima.

Niwaeleze. Baba wa mume wangu alifika juzi kutoka Bukoba, mara yake ya kwanza kulala kwetu hapa Mkolani tangu tuoane. Mimi ni Msukuma. Kule kwao mashangazi walishasema wazi kwamba Msukuma kupika ndizi hawezi, atamlisha kijana wao ugali mpaka akome. Kwa hiyo mzee akirudi ataulizwa jambo moja tu: ndizi alipikiwaje? Hilo nililijua, na lilininyima raha.

Jana mume wangu alileta kuku mzima wa kuchoma kutoka Buhongwa. Tukala. Sasa mimi nina ugonjwa mmoja, udadisi. Nilishaona kwenye simu dada mmoja anachemsha mifupa ya kuku aliyebaki mezani, anapata supu nzito ya kupikia chochote. Nikajiuliza, hivi mfupa ulioliwa una kitu bado? Shida ni kwamba kwetu mfupa wa kuku haubaki. Unatafunwa, unafyonzwa, mwishoni hata paka anasusa. Niliokoa mgongo na kifua. Havikufika hata nusu ya sufuria. Nikaangalia sahani za watu. (Msinitazame hivyo. Moto unaua kila kitu.)

Leo asubuhi nikabandika. Kitunguu, karoti, tangawizi, pilipili manga. Kila baada ya dakika chache nafunua, nachungulia. Mwanzoni maji yalikuwa maji tu. Baadaye rangi ikaja. Baadaye tena harufu ikatoka mpaka jirani akauliza dirishani leo tuna mgeni gani. Nikaonja, nikacheka peke yangu. Tamu ajabu! Nikachuja kwa chujio la chai, likaelemewa, nikamalizia kwa kuzuia na mfuniko. Nikapikia ndizi.

Mchana baba mkwe akala kijiko cha kwanza. Cha pili, akafumba macho. Akauliza kuku yuko wapi, maana ladha anaipata ila nyama haioni. Hapo ningesema ukweli yakaisha.

"Nimemchinja asubuhi, Baba," nikajibu. "Nyama nimeiweka ya jioni."

(Kuku gani? Sijui. Mdomo ulitangulia.) Mume wangu akanitazama, akainamia sahani yake. Mzee akasema akifika Bukoba atawaambia wale mashangazi wafunge midomo. Nikavimba kichwa. Mara kijiko chake kikagonga kitu. Akakitoa. Mfupa wa paja. Akaugeuza huku na huku kama fundi saa.

"Mwanangu, kuku huyu umemchinja leo?"

"Ndiyo, Baba."

"Mbona ameshatafunwa?"

Hakukasirika, alikuwa kama mtu anayetaka kuelewa tu. Akanionyesha ncha ya mfupa: alama za meno zimejipanga vizuri, katikati pameachwa pengo. Kisha akafunua mdomo. Jino moja la mbele halipo. Akausogeza mfupa pale, ukakaa sawasawa.

"Huu ni wangu wa jana," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mume wangu akatoka nje mbio akijifanya anakohoa (alikuwa anacheka, nilimsikia). Nikapiga magoti, nikaungama yote, hadi zile sahani. Machozi yalikuwa karibu kabisa. Mzee akaniuliza nilichemsha kwa muda gani, nilitia nini, na mifupa ya nani mwingine ilikuwemo. Nikamwambia ni ya sisi sote. Akafikiri kidogo. Kisha akanisogezea sahani yake nimwongeze.

Nikadhani yameisha. Wapi! Alipomaliza akampigia simu mama mkwe, wakaongea Kihaya. Nilichoelewa ni jina langu tu, na nyuma yake vicheko vya wanawake wengi.

Jioni tumekula sato. Baba mkwe amekusanya miba yake mwenyewe, akatoka nayo nje, akamtupia paka, akasimama palepale mpaka paka alipomaliza.

Naomba msinicheke. Somo nawapa bure: kabla ya kuchemsha mifupa ya mgeni, hesabu kwanza meno yake.