Dada wa Kazi na Kiti cha Bodi

Jumatatu, 3 Juni
Kiti kimoja cha bodi kiko wazi! Tangazo limebandikwa leo kwenye ubao wa Chama cha Urafiki wa Wananchi. Sisi wanachama si mabalozi. Ni watu wa kawaida tu, tunaokaribisha wageni wa nchi nyingine majumbani mwetu ili mataifa yafahamiane mezani. Mimi sijakaribisha hata mmoja. Miaka sita kazi yangu imekuwa kupanga viti ukumbini na kuvipangua. Basi. Imetosha.

Nimejaza fomu. Kazi: Mkuu wa Mawasiliano. (Ni karani wa masijala, idara ya maji. Lakini barua ni nini kama si mawasiliano?) Wageni uliowahi kupokea: wengi. Msaidizi wa kazi za nyumbani: yupo.

Hayupo.

Mshindani wangu ni jirani, Mwalimu, mstaafu wa jiografia. Koti lake lina beji kumi na moja za bendera. Anajua miji mikuu yote, na huitaja hata asipoulizwa.

Jumatano, 5 Juni
Katibu kapiga simu. Bodi imevutiwa na uzoefu wangu! Hivyo wananiletea mgeni kesho, mama wa makamo, mkutubi kutoka ng'ambo. Atakaa mpaka Jumapili. Nikasema hamna shida. Nikakata simu nikakaa chini.

Mke wangu akauliza mgeni atalala wapi. Nikasema chumbani kwa mama yake. Akaniangalia mpaka nikasahau sentensi yangu. Mama mkwe mwenyewe akasema hana neno, atalala sebuleni, mgeni ni mgeni. Mwaka wa nne huu anaishi kwetu. Hajawahi kunipandishia sauti.

Alhamisi, 6 Juni
Nimefanya jambo. Sijui niliandikeje.

Saa tisa alasiri Katibu alifika na mgeni. Mama mkwe alikuwa anafagia baraza, kitambaa kichwani, kandambili moja nyekundu na moja ya bluu. Mgeni anasema Kiswahili cha darasani, kila neno kama limepigwa pasi. Akauliza kwa upole huyu mama ni nani. Katibu alikuwa ameshika fomu yangu. Nikaliona neno langu mwenyewe: yupo. Mdomo ukanitangulia.

"Huyo? Dada wa kazi."

Dada! Ana miaka sabini na mmoja!

Fagio lilisimama. Kisha Mama akaliegemeza ukutani, akapokea begi la mgeni, akamkaribisha vizuri kabisa. Halafu akanigeukia.

"Begi niliweke wapi, bosi?"

Masikio yanawaka mpaka sasa.

Ijumaa, 7 Juni
Nimemfuata jikoni alfajiri. Nikamwomba radhi. Akasema sawa, basi nikamweleze mgeni ukweli. Nikasema nitamweleza. Baada ya kura ya kesho. Akaendelea kumenya viazi.

Mke wangu ni muuguzi. Amerudi kutoka zamu, akasimuliwa. Sasa ananiwekea chai kama anamhudumia mgonjwa asiyemjua.

Kifungua kinywa kilikuwa mateso. Mama aliingia na sinia, akaniinamia. Akauliza mbele ya mgeni likizo yake ni lini, maana mwaka wa nne huu hajapata hata siku moja. Mgeni akaacha kutafuna. Nikajibu haraka, hivi karibuni, Mama. Mgeni akashangaa: kumbe hapa mtumishi huitwa Mama? Nikasema ndiyo, ni heshima yetu. Akatoa daftari akaandika. Akanisifu kwa moyo mweupe. Sijawahi kusifiwa namna hiyo.

Jioni nimewakuta barazani wanachambua mchele. Mgeni alikuwa akimwonyesha Mama picha ya marehemu mama yake, na Mama kamshika mkono. Waliponiona wakainamia mchele. Nikapita na faili langu kama mwizi nyumbani kwangu.

Jumamosi, 8 Juni
Siku ya kura. Wanachama arobaini. Mwalimu kavaa beji zote. Mgeni akaja na Mama, akakataa katakata kumwacha nyumbani.

Mwenyekiti akasoma ripoti ya mgeni kwa sauti. Kwamba katika nyumba yangu mtumishi anaheshimiwa kama mzazi. Makofi! Nikainuka nikainama kidogo. Kisha Mwenyekiti akaomba huyo mama asimame naye apongezwe.

Nilimtazama Mama. Nilimsihi kwa macho. Akasimama taratibu, kandambili zimebadilishwa, kavaa viatu vyake vya kanisani.

"Mimi si mtumishi wake," alisema. "Mimi ni mama mkwe wake."

Kiti kikakwaruza sakafu mahali fulani.

"Alinionea aibu," akaendelea. "Nami nikamwonea huruma. Ndiyo maana sikusema mapema. Nilidhani atasema mwenyewe."

Akakaa. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mgeni alifungua daftari, akayakata maandishi ya jana kwa mstari mrefu. Niliisikia kalamu.

Kura: Mwalimu thelathini na nane. Mmoja hakupiga. Mimi moja. Kila mtu anajua ni ya nani. Mwalimu akaja kunishika bega, akasema kila mtu huteleza. Hakutaja mji mkuu hata mmoja. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Jumapili, 9 Juni
Mgeni kaondoka. Alimkumbatia Mama mara tatu. Mimi alinipa mkono.

Nikapiga magoti sebuleni, mtu mzima mimi, kitambi kimegusa sakafu. Nikamwambia Mama nimekosa, wala sikuteleza, nilichagua. Akamaliza kwanza kukunja shuka alizolalia. Kisha akasema niinuke, nimeziba njia ya kwenda jikoni. Baadaye nikakuta kanitengea chakula. Nimelia kidogo chooni. Nimeapa: vyeo basi!

Alhamisi, 13 Juni
Barua imekuja. Ya Mama! Mgeni ameiandikia bodi kwamba hajapata kupokelewa vile popote, na bodi imeongeza kiti, mjumbe wa ukarimu. Wanamwomba Mama akikalie. Mama kasema atajaribu. Mke wangu kacheka kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita. Nami nimefurahi. Kwa dhati.

Nimeazima katiba ya chama, kwa kujisomea tu. Ibara ya kumi na nne: mjumbe asiyejisikia vizuri anaweza kuwakilishwa na mtu wa nyumbani kwake, mwenye haki zote za kiti.

Haki zote!

Nimemuuliza Mama, kwa upendo tu, kama magoti hayamsumbui siku hizi. Kasema hayana neno kabisa.

Nitamuuliza tena kesho.