Baba wa Siagi na Heshima ya Wanaume wa Obunga

Obunga, Kisumu.
Oktoba, 1991.

Kwa Meneja wa Matangazo,
Kampuni ya Siagi ya Ndama,
Nairobi.

Bwana Meneja mheshimiwa,

KUH: MWENENDO WA BABA ANAYEONEKANA KATIKA TANGAZO LENU LA TELEVISHENI

Natumaini barua hii itakukuta wewe na jamaa yako mkiwa wazima, na kama Mungu amekujalia watoto, basi wawe watoto wanaonyamaza baba yao anapoingia. Mimi si mzima sana. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi kwenye mkeka, kwa sababu nitakazozieleza hapa chini, kwa hiyo unisamehe mwandiko ukionekana kupanda mlima.

Mimi ni Ezekia Oduor Ogola, mpimaji wa samaki wa chama cha ushirika pale ufuoni Dunga, mzee wa kanisa, na baba wa watoto sita. Katika sehemu yetu ya Obunga, televisheni ni yangu. Ni ndogo, haina rangi, na inatumia betri ya gari, lakini huonyesha vizuri mvua isiponyesha. Kila jioni majirani huja kungoja taarifa ya habari ya saa moja, nami huwakaribisha, maana habari haziliwi na mtu mmoja. Ndivyo tulivyomfahamu huyu mtu wenu.

Huenda kazi zimekuwa nyingi huko ofisini na umesahau anachokifanya, basi nikukumbushe. Anafika nyumbani akiwa na mkoba. Binti yake anamkimbilia, naye anamrusha juu na kumzungusha, wote wanacheka. Kisha anavaa aproni, anaingia jikoni na kuunguza mkate mpaka moshi unajaa, halafu mkewe anakuja kumwokoa kwa siagi yenu. Bibi mmoja mzee ameketi mezani, naye anacheka. Mwishowe wanaimba: Siagi ya Ndama, hata baba anaweza!

Malalamiko yetu ni haya.

1. Anafika nyumbani mapema mno. Hakuna mwanamume wa Obunga anayeonekana kwake jua likiwa juu namna ile, isipokuwa amefutwa kazi. Siku ya kwanza tulimhurumia. Jirani yangu Wasike, anayetengeneza baiskeli, alitikisa kichwa akasema, "Huyu wamemsimamisha. Angalia vile anacheka, anaficha." Tukamwombea apate kazi nyingine. Lakini mpaka leo anarudi na mkoba uleule, saa ileile, na sasa wake zetu wameanza kutuuliza sisi huwa tunapitia wapi. Swali hilo halikuwako Obunga kabla ya siagi yenu.

2. Anachekwa ndani ya nyumba yake. Sikatai kwamba mwanamume akiingia jikoni mkate unaweza kuungua. Lakini jambo kama hilo likitokea katika nyumba yenye adabu, dirisha hufunguliwa, moshi hutoka, na halizungumzwi tena. Ninyi mmelitangaza nchi nzima na kulitungia wimbo. Nikiinama kufunga kamba ya kiatu mbele ya kanisa, watoto wananiimbia kwamba hata baba anaweza. Mwezi uliopita nilipanda juu ya kiti kuirekebisha mizani pale Dunga, akina mama wanaonunua dagaa wa omena wakaniimbia kwa sauti mbili, ya juu na ya chini. Ndegwa mwenye duka, mtu wa Nyeri ambaye hacheki ovyo, naye alicheka. Yeye simlaumu sana, kwa sababu siagi yenu huisha dukani mwake kabla wiki haijaisha.

3. Yule bibi mzee. Hili ni zito, nakuomba ulisome ukiwa umeketi. Sote tuliokuwa sebuleni tulimtazama kwa makini, tukakubaliana kwamba paji lake la uso ni la yule mke. Kwa hiyo ni mama mkwe. Kwetu Waluo, mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake, wala mmoja hamwoni mwenzake akitafuna. Kwa Wasike, ambaye ni Mbukusu, mambo ni makali zaidi: wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mwenzake apite. Na huyu mtu wenu anauma mkate mbele yake, mdomo wazi, siagi kidevuni! Mama Dorca, mjane wa nyumba ya pili, alijifunika uso kwa leso akatoka nje. Ndegwa alijaribu kumtetea, akasema huenda ni mama yake mzazi, lakini tulimwambia alitazame tena lile paji la uso, akatazama, akakubali.

Kosa la namna hii kwetu huleta chira, yaani mkosi unaomkondesha mtu mpaka akaisha. Yeye analirudia kila jioni, tena wakati mwingine mara mbili. Na kweli, tukimlinganisha na alivyokuwa mwezi wa Agosti, tunaona amepungua.

4. Binti yangu mkubwa, Lornah, anayesoma chuo cha Maseno, alipokuja likizo alinieleza kwamba yule ni mwigizaji, yule mke si wake, mtoto ni wa mtu mwingine, na huenda yeye mwenyewe hajaoa. Alidhani ananituliza. Kumbe tunafundishwa ubaba na mtu asiye na mtoto, katika nyumba isiyo yake, akiwa na mke wa wenyewe! Hata mkoba ule sasa nina wasiwasi nao.

5. Kuinua watoto. Nimeliweka hili mwisho kwa sababu ndilo linaloniuma, na sitalizungusha. Marehemu baba yangu hakuniinua hata siku moja. Tulimjua kwa kikohozi chake langoni. Kikisikika, mwenye kelele alinyamaza na aliyekuwa kwenye kiti chake aliondoka. Nilimpenda sana, na sijui kama aliwahi kujua. Nami nimelea watoto watano kwa kikohozi hichohicho, na hakuna aliyeleta malalamiko.

Sasa yuko Benta, kitinda mimba wangu, wa darasa la tatu. Tangu tangazo lenu lianze, nikikohoa langoni yeye haondoki. Anakuja mbio, mikono juu, akisema, "Baba, niinue kama ule wa TV!" Mimi nasimama pale na baiskeli yangu, gazeti kwapani, mpaka mikono yake inashuka yenyewe. Mke wangu Agneta aliyaona haya jioni nyingi. Juma lililopita alisema, tena mbele ya watu waliokuja kutazama habari: "Baba Benta, kwani hiyo mikono ni ya kupima mbuta peke yake?"

Bwana Meneja, mwanamume akiulizwa hivyo kwake afanye nini? Niliweka gazeti chini. Nikamwomba Wasike asogeze miguu, nikamshika Benta kwapani, nikamrusha. Hapa lazima nikueleze jambo linalohusu kazi yangu. Mtoto wa tangazo lenu nimempima kwa macho, na hamzidi samaki kamongo wa kawaida. Benta wangu amekula ugali na omena tangu alipojua kukaa. Yeye ni mbuta wa kuitiwa lori la barafu. Hata hivyo alipanda vizuri. Alicheka cheko ambalo sijawahi kulisikia katika nyumba ile, na kwa muda mfupi nilisahau walioketi pale ni akina nani. Nilipoanza kumzungusha, kitu mgongoni mwangu kikalia kwa sauti, tukashuka wote wawili hadi sakafuni, mbele ya majirani, wakati msomaji wa habari anasema hamjambo. Yeye hakuumia. Mimi nipo kwenye mkeka tangu siku hiyo.

Kutokana na hayo, wanaume wa sehemu hii walikutana kando ya mkeka wangu, na kwa unyenyekevu tunaomba yafuatayo.

Kwanza, tangazo lisimamishwe. Mahali pake mtengeneze jingine, ambamo baba anarudi giza likiingia, anakohoa, anaketi, analetewa maji ya kunawa, anakula, anasoma gazeti. Siagi iliwe na watoto katika chumba kingine. Tunajua litakuwa fupi na halitakuwa na wimbo, lakini heshima haihitaji wimbo.

Pili, kuanzia sasa mtu yeyote atakayeonyeshwa kama baba alete barua ya chifu wake, pamoja na mashahidi wawili waliowahi kumwogopa.

Tatu, mtu wenu aletwe Kisumu kwa gari la moshi. Bibi mmoja anayejua manyasi, ile dawa ya kuondoa chira, amekubali kuichemsha, ila amesema haiwezi kunywewa na mtu kwa niaba ya mwingine. Akishakunywa atakaa nasi mwezi mzima. Wasike atamfundisha kukohoa, nami nitamfundisha kukaa kimya. Mama mkwe abaki hukohuko Nairobi.

Msipotimiza haya, tutaigeuza televisheni iutazame ukuta kila tangazo linapofika. Tulijaribu jana. Kwa bahati mbaya wimbo ulisikika vilevile, na watoto wote wakainua mikono kuelekea ukutani. Kwa hiyo tunafikiria kuliomba Bunge litunge sheria inayosema wazi baba afike nyumbani saa ngapi. Wanaume wenzangu waliliunga mkono wazo hili kwa makofi, mpaka Agneta aliposema kutoka jikoni kwamba wanawake pia wanalitaka, tena saa yenyewe wanayo tayari. Tumeahirisha kipengele hicho.

Uwasalimie wafanyakazi wote wa kiwanda, walinzi wa lango, na ndama mwenyewe kama yuko. Wasike anakusalimu. Ndegwa anakusalimu na kuuliza mzigo wake utafika lini. Mama Dorca anamtumia salamu za pole yule bibi mzee. Agneta nilimwuliza kama ana salamu, akasema hana ugomvi na kampuni yenu.

Ni mimi, niliyejeruhiwa kwa tangazo,

Ezekia Oduor Ogola

Tanbihi: Nilikuwa nimekwisha kuifunga bahasha Benta aliporudi kutoka shuleni. Nimeifungua tena, ndiyo sababu unaiona imechanika. Mama yake alimwambia mlangoni kwamba Baba hawezi kuinua kitu chochote mpaka mgongo upone. Aliingia, akavua viatu. Kisha akanikumbatia miguu yote miwili, akavuta pumzi, akaniinua. Ni kweli ilikuwa miguu tu, nayo haikupanda hata kufika kimo cha kikombe, lakini alirudia na kurudia mpaka jasho likamtoka, nami nikawa nacheka ingawa kucheka kunaniumiza. Aliposhindwa kabisa alijilaza kando yangu kwenye mkeka, akasema, "Basi Baba, kama kwenda juu imekataa, tukae tu hapa chini." Tangazo lenu limepita sasa hivi, na sisi hatukugeuza kichwa kulitazama.

Bwana Meneja, liacheni kama lilivyo. Yule bwana bado naomba mmtume, na nauli ya kurudi Nairobi nitajua la kufanya, lakini asije kufundishwa na mtu. Nataka anionyeshe polepole jinsi anavyokunja magoti kabla ya kumwinua mtoto.