Kuhusu Januari Mnayotudai

Kwako Bwana Wakala wa Nyumba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na funguo zetu zikiwa bado kwenye droo yako. Mimi ni yule binti wa fundi lifti, mwenye sare ya shule, niliyekuwa nikimtafsiria Baba siku ya Jumanne. Hii ni wiki ya saba tangu tufike nchi hii, na kwetu mimi ndiye ninayehesabiwa kuwa mjuzi wa lugha yenu, kwa kuwa nilipata alama themanini na moja darasani. Barua hii naiandika kwanza kwa Kiswahili, kisha nitaitafsiri mwenyewe. Ukiona makosa, ni yangu. Ukiona hasira, ni ya Baba.

Nyumba tumeipenda. Mama na mdogo wangu hawaruhusiwi kusafiri mpaka tuwe na anwani, na Mama ameshafunga masanduku. Lakini malipo ya kuanzia yametutatiza, kwa sababu zifuatazo:

1. Mmetutaka tulipe mwezi wa kwanza. Bwana Wakala, leo ni tarehe nane mwezi wa sita. Mwezi wa kwanza wote Baba alikuwa amelala kwa Bibi, mguu umefungwa plasta, na Bibi yuko tayari kushuhudia. Kama kuna mtu aliyeishi katika nyumba hiyo wakati huo, tunaomba adaiwe yeye, na aulizwe pia habari za bomba la jikoni linalovuja.

2. Mmetutaka tulipe na mwezi wa mwisho. Desemba tutakuwepo, Mungu akipenda, kwa hiyo hatubishi. Baba amegundua tu kwamba miezi yote miwili mliyochagua ina siku thelathini na moja, na Februari mmeiruka. Hata hivyo tunawashukuru kwa miezi ya katikati, ambayo tumeelewa kuwa ni ya bure. Baba ameshawatangazia wenzake kazini.

3. Mmetaka amana. Nilivyofundishwa, amana ni kitu unachomwachia mtu unayemwamini. Sisi tunawaachia pesa, na Mama anauliza kwa simu ninyi mtatuachia nini. Si lazima ziwe pesa. Ile saa ya ukutani ya ofisini kwenu ingetosha. Siku ya kuhama tutairudisha, ikiwa mtakuwa mmetutunza vizuri.

4. Mmetaka barua ya mwenye nyumba wetu wa zamani. Huyo ni Bibi, mama yake Baba. Aliandika kwa mkono wake kwamba mtoto wake huyu amekaa kwake miaka thelathini na tisa bila kumlipa hata senti, amemvunjia vikombe visivyo na idadi, na akirudi atampokea. Niliitafsiri yote kama ilivyo, maana nilifundishwa kwamba mfasiri haongezi wala hapunguzi. Nilikuona ulivyoiweka kando. Tafadhali usome tena maneno ya mwisho.

Kwa hiyo tunaomba Januari ifutwe. Kama haifutiki, basi tupewe tuitumie sasa: siku zake thelathini na moja zianze kuhesabiwa siku tutakayoingia. Tunaomba jibu kabla ya Ijumaa, kwa kuwa Mzee Bisibisi, mwenzake Baba anayetulaza sebuleni kwake, kila asubuhi anatuuliza tumeamkaje kwa sauti ya mtu anayeuliza tunahama lini.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa yule dada wa mapokezi aliyeniletea maji nilipokwama kwenye neno "mdhamini".

Ni mimi, kwa unyenyekevu na kwa niaba ya Baba,
Binti wa Fundi Lifti

Nyongeza: Tafsiri ya barua hii nilimwonyesha mwalimu wangu wa lugha. Alivua miwani, akaifuta mara mbili. Kumbe kwenu mwezi wa kwanza ni ule tutakaoingia, na wa mwisho ni ule tutakaohama. Barua naileta hivyo hivyo, maana karatasi nzuri imeniishia. Nimemweleza Baba. Akasema alama themanini na moja ni nyingi sana, ila ofisini kwenu ziliulizwa zile kumi na tisa zilizobaki. Kesho tunaleta malipo yote. Lakini anaomba kuuliza, kwa heshima: huo mwezi wa mwisho tuulipie wa nini, ikiwa Mama akishafika hatuna mpango wa kuufikia?