Kibao Shingoni mwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Hatimaye mimi ni mwalimu! Kiingereza, darasa la jioni la watu wazima, chumba cha kwanza, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Mkuu wa kituo kanipa wiki ya majaribio. Jumamosi anakuja kukagua. Akiridhika, kazi ni yangu, na mimi na mke wangu tunahama kutoka kwa mama yake. Aliniuliza kama nina uzoefu wa kufundisha. Nikamwambia ninao. Nimefundishwa na walimu chungu nzima.

Chumba cha pili kuna mwalimu mwanamke, nimempa jina la Kicheko, maana darasa lake linacheka tangu linapoanza mpaka wanapofunga mlango. Hiyo si elimu. Hicho ni kijiwe.

Wanafunzi wangu ni mwenye bucha, kinyozi, dada wa mapokezi pale zahanati, na wengine, wote watu wazima na heshima zao. Na mama mkwe. Naam, mama mzaa mke wangu, ambaye tunakula na kulala kwake tangu biashara yangu ya vichujio ilipokufa.

Yeye anataka jambo moja tu. Shemeji yangu yuko ng'ambo, na mwanawe mdogo hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Kila Jumapili wanapiga simu, bibi anatazama uso wa mjukuu kwenye kioo cha simu, anatabasamu, basi. Jumapili hii anataka kuzungumza naye. Nimemwambia atulie, amefika kwa bingwa.

Nimefundisha kwa Kiingereza kitupu, tena cha mbio. Hakuna aliyeuliza swali. Wameelewa kila kitu.

Jumanne, 4 Machi
Hawakuelewa kitu. Nikiuliza, wananitumbulia macho. Nikigeukia ubao, wananong'ona Kiswahili. Dharau!

Nikakumbuka shule yangu ya msingi. Kibao! Anayenaswa akisema Kiswahili anavishwa kibao shingoni, na hakivui mpaka amnase mwenzake. Asipomnasa, anakwenda nacho nyumbani. Mimi nilikivaa karibu muhula mzima, na nitazameni leo nilivyo.

Nimekata boksi la sabuni, nikalitoboa, nikatia kamba, nikaandika kwa wino mzito: MIMI NI PUNDA. Kwa Kiswahili, ili hata wapita njia wasome. Mke wangu kauliza hilo la nini. Zana za kufundishia, nikamjibu. Kaguna tu.

Jumatano, 5 Machi
Kibao kinafanya kazi! Mwenye bucha, pande la mtu, kanaswa wa kwanza. Alichelewa, akasema samahani. Akainamisha kichwa mwenyewe nikamvisha.

Kisha ikawa vita. Akamkanyaga kinyozi makusudi, kinyozi akamlilia mama yake, kibao kikahama. Kinyozi akamwambia dada wa zahanati ana mjusi begani. Akapiga ukelele wa Kiswahili safi. Dada naye akamvizia mwenye bucha, akamrudishia. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kufungua mdomo kwa lugha yoyote ile. Nidhamu ya ajabu. Nilisikia feni ikizunguka.

Tunakaribia kufunga, mwenye bucha akamgeukia mama mkwe taratibu. Kibao anacho tayari, hana cha kuogopa. Akainama kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama."

Mama mkwe ni mtu wa watu. Angefanyaje?

"Marahaba, mwanangu."

Darasa zima likanitazama. Ningemwachia, wangesema nampendelea mkwe wangu. Sheria ni sheria. Nikamvisha, lakini kwa mikono miwili, kwa heshima.

Alhamisi, 6 Machi
Kaja nacho nyumbani. Nilimsihi akivue. Akasema mwalimu ameagiza asikivue mpaka amnase mtu, na yeye hajazoea kutega watu. Asubuhi kaenda nacho sokoni. Sokoni! Mchana kanipakulia chakula nacho kifuani, sahani yangu na PUNDA uso kwa uso. Majirani wakapita kumsalimu mmoja mmoja, wakasoma, wakanitazama mimi, wakaondoka bila kuaga.

Mke wangu kaniambia neno moja tu. "Umemwita mama yangu punda, na bado unakula chakula chake." Nikajaribu kumweleza mbinu za ufundishaji. Akachukua mto wake akahamia chumbani kwa mama yake.

Jioni nimekuta kibao juu ya meza yangu darasani, kamba imekunjwa vizuri. Viti vitupu. Wote wamehamia chumba cha pili! Nikachungulia kwenye tundu la ufunguo. Kicheko anawaacha waseme ovyo. Wanaanza kwa Kiswahili, wanamalizia kwa Kiingereza, wakikosea wanacheka, naye anawaambia waendelee. Mama mkwe kasimama katikati, na lile pande la mtu, mwenye bucha, linaigiza mjukuu kwa sauti ya kitoto. Makosa matupu! Na mama mkwe anacheka mpaka anajishika mbavu. Kwangu hajawahi kucheka. Iliniuma, sikatai. Iliniuma sana.

Jumamosi, 8 Machi
Jana sikutoka nje, nilikuwa napanga. Leo alfajiri nimebandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha pili: darasa limehamia chumba cha kwanza. Kicheko nikampelekea ujumbe kwamba ukaguzi umeahirishwa, leo asije. Akili mali!

Wakaja wote, wakaketi. Wakaniona, wakanuna, lakini mkuu alikuwa mlangoni, wakashindwa kuinuka. Akaona chumba kimejaa, uso ukamkunjuka. Nikajiona niko kwenye nyumba yangu, kwenye kiti changu.

Akaomba mtu mmoja aseme chochote kwa Kiingereza. Akainuka mama mkwe. Akasema yeye ni nani, ana mjukuu mmoja, anampenda, na kesho atamwambia hivyo kwa mdomo wake mwenyewe. Alikwama mara kadhaa, lakini alifika mwisho. Mkuu akapiga makofi. Akamuuliza, kwa Kiswahili, nani kamfundisha.

"Mwalimu wa chumba cha pili."

Mkuu akaninyooshea mimi kidole. Na huyu je?

"Huyu ni mkwe wangu. Huyu namlisha tu."

Kicheko kapewa madarasa yote mawili. Fitina! Tena ya ndani ya nyumba.

Jumapili, 9 Machi
Simu imelia mchana. Wote sebuleni, mimi barazani. Hakuna aliyeniita. Dirisha lilikuwa wazi.

Nikamsikia mama mkwe akimsalimu mjukuu. Mtoto akaitikia! Akamuuliza amekula nini. Mtoto akaeleza maneno mengi, akacheka, bibi naye akacheka. Mke wangu akaanza kulia kwa furaha. Mama mkwe akapata moto. Akaanza kumsimulia, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, jinsi baba yake alivyokuwa akiogopa kuku utotoni, akikimbia kujificha nyuma ya gauni lake yeye bibi. Mtoto akawa anadai aendelee, aendelee.

Lakini makosa! La kwanza nikavumilia. La pili nikang'ata meno. Mimi ni mwalimu, nifanyeje? Nikaingiza kichwa dirishani nikamsahihisha, kwa sauti, asikie vizuri.

Hadithi ikakatika. Akafungua mdomo, akaufunga. Mtoto akawa anamwita bibi yake kwa lugha yake, anauliza kuku walifanya nini. Mama mkwe akatabasamu tu kwenye kioo. Kisha akampa mke wangu simu, akaenda jikoni.

Hakuna aliyenishukuru. Mke wangu kanitazama kama mtu asiyenijua. Hata hivyo, ukweli umejulikana. Yule Kicheko hakumfundisha kitu, maana kasahihishwa mara moja tu na Kiingereza chote kimemkauka. Kesho namwambia tuanze upya, mimi na yeye, hapa hapa nyumbani, kila siku, mpaka anyooke.