Gari Lililomkana Waziri

Asubuhi ile kijiwe kilichangamka kwa sababu ya wizi, na bahati nzuri haukuwa wizi wa kwetu. Profesa alikuwa ameinyoosha simu mbali na uso, maana miwani yake aliikalia juzi, akitusomea habari: huko ng'ambo wezi wanaiba magari ya rimoti bila kuvunja hata kioo. Wanasimama nje ya ukuta na kijimashine, wananasa mawimbi ya rimoti iliyolala ndani, gari linafunguka, linawaka, kwaheri.

Huyu Profesa hajawahi kufundisha popote. Tulimpa jina hilo kwa sababu hawezi kukuomba kiberiti bila kuanza na neno "kitaalamu".

"Kitaalamu," akasema, "ufunguo ni chuma. Ukiondoa chuma ukaweka mawimbi, gari lako ni la yeyote mwenye masikio."

"Wivu unakusumbua, mzee," akajibu Waziri. "Langu haliibiki. Linanijua mimi. Nikikaribia tu, linaamka."

Waziri naye hana wizara, ana ahadi. Ndiyo maana tukamwita hivyo. Siku hiyo alivaa shati lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama, kwa sababu alikuwa anakwenda hospitali kumchukua mama mkwe wake, aliyepasuliwa goti. Jambo lenyewe halikuwa dogo. Tangu amwoe binti yake, yule mama humwita Waziri "huyo bwana". Mwanyumba wake, yaani aliyeoa dada mkubwa, humwita "mwanangu", na sababu ni pikapu. Pikapu bovu, la kubebea mchanga, mlango mmoja umefungwa kwa kamba, lakini likiitwa linafika. Safari hii Waziri aliwaangukia ndugu wote wa mkewe ili aende yeye. Mama akakubali kwa shingo upande: "Haya, tumwone huyo bwana. Akichelewa, mwanangu yupo."

"Nenda basi, usije ukachelewa," akasema Bi Kikombe, mwenye kahawa yake na mwenye benchi lake.

Waziri akanyanyuka, akatembea kwa madaha hatua zote tatu mpaka kwenye gari, akaingia, akakanyaga breki, akabonyeza kitufe. Gari likalia *ti-ti-ti* likanyamaza. Akabonyeza tena. *Ti-ti-ti.* Pale mbele ya usukani kikatokea kijipicha cha ufunguo uliokatwa mstari mwekundu.

"Si ulisema linakujua?" akauliza Bi Kikombe.

Profesa alishachungulia dirishani. "Ufunguo umepigwa marufuku. Kitaalamu, gari limekukana."

"Ninayo rimoti hii hapa mkononi! Linakanaje kitu ninacho?"

"Ndoa ngapi zinakwenda hivyohivyo," akasema Kinyozi.

Kinyozi ana kibanda chake mlango wa pili. Alikuja na mashine mkononi, na nyuma yake akaja mteja wake amejifunga shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado msitu.

"Mimi najua hili," Kinyozi akasema. "Ni simu. Rimoti na simu hazikai mfuko mmoja, zinaoneana gere. Wekeni simu zenu zote kule kwenye ndoo."

Tukaziweka. *Ti-ti-ti.*

"Na ya kwako?" nikamuuliza Kinyozi.

"Ya kwangu ina tochi, itatusaidia."

Akazomewa mpaka naye akaitupia ndooni. *Ti-ti-ti.* Waziri akaanza kutoka jasho, na ile mikono ya shati iliyosimama ikaanza kulala.

"Jamani, mama anatoka mchana. Mchana wenyewe ndio huu unakuja."

"Ahadi si zako bwana, unaogopa nini?" akasema yule nusu kichwa, ambaye hakuna aliyemuuliza.

"Ninyi wanaume," akasema Bi Kikombe huku anasuuza vikombe, "hiyo rimoti si ina betri? Si itakuwa imekufa?"

"Betri!" Profesa akacheka kwa huruma. "Bi mkubwa, gari lina betri mbele, kubwa kama jiwe la kusagia. Lihitaji na nyingine ya mfukoni, lina mimba?"

Lakini Kinyozi alishaingiza ukucha kwenye ufa wa rimoti. Ikapasuka *tak!* na kibetri cha mviringo, kama kifungo cha koti, kikaanguka mchangani. Kisha wote tukapiga magoti kukitafuta, isipokuwa Profesa, aliyebaki wima kutuelekeza. Kinyozi akakiona, akakifuta kwa taulo ya dukani, akakilamba, akatema.

"Kina ladha. Kizima."

"Sasa kinakaa upande gani juu?"

Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo sidhani kijiwe kingine chochote kingelifanya. Tulipiga kura. Profesa alisema suala la kitaalamu haliachwi kwa mtu mmoja, linahitaji wananchi. Wawili tukataka maandishi juu, Profesa na Kinyozi wakataka maandishi chini, nusu kichwa akasema hafungamani na upande wowote. Tukamgeukia Waziri.

"Wewe ndiye mwenye gari. Sema."

"Nitatoa tamko," akasema Waziri, kwa mazoea.

Bi Kikombe akamnyang'anya Kinyozi kibetri, akakipachika bila kutazama, akafunga rimoti kwa kiganja. "Jaribu."

*Ti-ti-ti.*

Basi Waziri akaweka kipaji cha uso juu ya usukani, na nikaona kweli mtu mzima anataka kulia. "Atapanda pikapu," akasema kwa sauti ndogo. "Atapanda lile pikapu na goti lake, na njia nzima atasema nilijua tu. Atasema kwa mke wangu. Atasema msibani kwangu."

Nilimwonea huruma, maana mimi nami nina mama mkwe. Lakini Kinyozi huruma yake hutoka kwa njia ya hasira. Akaipokonya ile rimoti, akaingiza mkono dirishani akafoka, "Wewe gari shenzi, hii hapa! Huioni? Hii!" akakisindilia kile kitufe kwa rimoti yenyewe, kama anamlisha mtoto uji kwa nguvu.

Gari likawaka.

Wacha tupige kelele! Nusu kichwa akarusha shuka. Waziri, aliyekuwa bado amekanyaga breki kwa kukata tamaa, akainua uso na kuanza kucheka na kufuta kamasi pamoja.

"Ni hofu!" akasema Kinyozi. "Gari ni kama mteja mkorofi, lionyeshe nani mwenye duka."

"Hofu wapi? Rimoti ikiwa hoi, inabidi uigusishe kwenye kitufe chenyewe," akasema Profesa, ambaye dakika ile ndiyo alikuwa amelijua hilo. "Nilikuwa nasubiri mmalize ushamba wenu niwaambie."

"Muongo!"

"Nipe hiyo rimoti nikuonyeshe. Njoo hapa kwenye benchi. Hii hapa ndani, unaona hiki kidude..."

Wakaelekea kwenye benchi wakigombana. Waziri hakuwa na muda wa elimu. Nikamrushia simu yake kutoka ndooni, akaingiza gia, akapunga mkono, akaondoka. Gari likawa linalia *ti-ti-ti-ti* mpaka kwenye kona.

"Sikieni," akasema Kinyozi kwa upole. "Linatuaga."

Tukazirudia simu zetu kwenye ndoo na kahawa zetu zilizopoa, na ubishi ukaendelea kwa raha zote. Jua lilikuwa limeshafika utosini simu yangu ilipolia. Alikuwa Waziri. Nikaiweka sauti ya juu ili kila mtu asikie tukishukuriwa.

"Nimemwingiza mama kwenye gari," akasema, na sauti yake haikuwa ya shukrani. "Nilizima, ili nimshike mkono. Sasa haliwaki. Jamani, rimoti iko wapi?"

Tukatazama kwenye meza ya kahawa. Ilikuwa hapo, kati ya vikombe viwili, imefunguliwa kifua.

Profesa akakumbuka kwamba ana mgonjwa. Kinyozi akakumbuka nusu ya kichwa, akamshika mteja wake mkono wakaondoka mbio. Bi Kikombe akafunika birika lake, na huwa halifuniki kabla ya jioni.

Kwenye simu kukawa na mvutano, kisha ikaja sauti ya mwanamke mzima, taratibu kabisa.

"Hamjambo hapo kijiweni? Nasikia gari ni la huyu bwana, lakini kinachoendesha gari mnacho ninyi. Nimekaa humu, madirisha hayashuki, goti linaniwaka. Sasa naomba kuuliza: kati yenu, mkwe wangu hasa ni yupi?"

Niligeuka kutafuta wa kumjibu. Benchi lilikuwa tupu. Nikajibana nisitoe hata sauti.

"Wewe uliyebaki," akasema, "nakusikia unapumua. Njoo, mwanangu. Na ukija, pitia kwa mwenye pikapu, mwambie alete na kamba."