Ndevu za Mjukuu Wangu na Chai ya Ijumaa

Jumatatu, 3 Machi

Mjukuu wangu karudi kutoka kazini kanuna. Kapita mlangoni kama mpangaji. Nikamwambia, mume wangu, nyumba hii ina shikamoo, rudi uilete. Akarudi akaileta kwa uvivu, kisha akasema ndevu zake lazima zitoke kabla ya Ijumaa.

Amri ya Matroni, mkuu wa wauguzi pale hospitali. Muda wake wa majaribio unakwisha. Jumatatu ijayo anapelekwa wodi ya kifua kikuu, na huko wanavaa barakoa ngumu inayong'ang'ania uso. Ijumaa anapimwa kama yake inavuja. Ikivuja hapati wodi. Asipopata wodi hapati barua ya ajira. Miezi sita ya kubeba mabeseni ya wagonjwa, halafu aangushwe na kidevu!

Niliishia darasa la tatu, lakini wivu naujua. Matroni hana ndevu. Basi.

Mwenyewe hataki kunyoa. Anasema bila ndevu anafanana na mtoto wa shule. Na mimi je? Wagonjwa wakiziona ndevu zile wanamwita daktari. Mtaa mzima wanamwita daktari. Mimi sikudanganya mtu. Nilisema yuko hospitali, anavaa nyeupe. Wao wakamalizia. Sikuwasahihisha, mimi si mwalimu.

Jumanne, 4 Machi

Nimemhoji hicho kipimo kinakwendaje. Nimetoka na kichwa kinauma. Anavaa barakoa, wanamfunika kichwa kizima na mfuko wenye dirisha, halafu wanapuliza dawa chungu ndani ya mfuko. Akisikia uchungu mdomoni, barakoa inavuja. Asiposikia, kafaulu.

Kumbe wanapima ulimi! Sasa ndevu zimeingiaje? Akaeleza kwamba hewa inapenya kwenye nywele. Nikauliza tena. Akaeleza tena. Mara ya tatu nikaitikia ili apumzike.

Kabla hajaenda zamu nikazipaka ndevu mafuta ya mgando. Zikalala vizuri sana. Akavaa barakoa aliyopewa ya kujifunzia. Ikateleza mpaka shingoni. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alikuwa anachungulia, kazi yake hiyo. Akasema, Bibi yangu, mlete, nitamwachia masharubu tu, madogo yanaenea ndani ya barakoa. Nikamwambia masharubu peke yake ni mlango uliosimamishwa bila nyumba. Alicheka mpaka mashine ikampitia mteja katikati ya kichwa. Nikaingia ndani nimeridhika.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda hospitali kumwona Matroni uso kwa uso. Nikapanga foleni kama mgonjwa. Muuguzi mmoja akanipima presha kabla sijasema neno, ikawa juu, akaniambia nikae nitulie. Nitatulia vipi na vita havijaanza?

Matroni kaja mwenyewe. Kaniamkia kwa heshima, jambo lililonivuruga, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa dharau. Nikamwambia nimelea watoto sita bila barakoa. Nikamwambia mwanamume bila ndevu wagonjwa hawamwogopi. Akasikiliza yote. Kisha akasema:

"Bibi, simchukii. Ni muuguzi mzuri kuliko wote walioanza naye. Ila mdudu wa kifua kikuu hapigi hodi. Akipata upenyo wa unywele mmoja anaingia, na mjukuu wako analala kwako."

Nikamwambia presha imeshuka, nikaondoka. Njia nzima najiuliza, huyu ni adui au si adui? Sijapata jibu. Nimeamua ni adui mwenye adabu.

Alhamisi, 6 Machi

Kama wanapima ulimi, basi ulimi ufundishwe. Nimechemsha majani ya shubiri. Nikamwambia anywe vikombe vitatu, azoee uchungu, kesho ile dawa yao ataiona maji ya kunawa. Akakataa. Nikamwambia ni mwoga. Akasema ndiyo, ni mwoga.

Nikanywa mimi kumwonyesha. Vikombe vyote vitatu. Nimeshinda siku nzima sisikii ladha ya kitu. Nimetia chumvi kwenye mboga mara nne. Mjukuu kala tonge moja akaniangalia kwa huruma. Tumbo langu tusiliandike.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetumia akili. Sufuria ilikuwa inatokota, nikammiminia chai kwenye kikombe cha bati, nikamwambia unachelewa, meza upesi. Ananiamini. Akameza. Akaruka. Machozi yalimtoka, akaenda kazini anapepea ulimi. Nikajisemea, puliza sasa, Matroni, tuone.

Saa tano karudi. Kabla ya saa zake! Kavaa barakoa, kasimama nje, hataki kuingia.

Kumbe hawaanzi na barakoa! Wanapuliza kwanza mdomo mtupu, wajue ulimi unafanya kazi. Wakapuliza, hakusikia kitu. Wakapuliza mara thelathini. Hakuna. Akawaambia kaungua na chai. Matroni akasema inawezekana, lakini muuguzi aliyepoteza ladha ghafla haingii wodini mpaka apimwe. Wamemchukua vipimo vya virusi vya korona, wamemrudisha nyumbani akae chumba chake.

Mchana akaja bwana afya kuniuliza kama nami nina dalili. Akauliza, Bibi, chakula unakisikia ladha? Mimi sisemi uongo. Nikamwambia tangu jana sisikii hata chumvi.

Akarudi nyuma hatua mbili, akanichukua vipimo kwa mkono ulionyooka. Sasa na mimi nimefungiwa. Kinyozi ametuletea mkate, kauweka kizingitini akakimbia.

Ninachoshindwa kuelewa ni hiki: nilitaka asisikie uchungu, hakusikia, na amefeli.

Jumamosi, 8 Machi

Matroni kapiga simu. Vipimo vyetu sote ni safi. Akauliza tulikunywa nini. Nikasema chai. Akauliza chai gani. Nikasema ya kawaida, ila ilikuwa na moto wa kutosha. Akasema kipimo kinarudiwa Jumatatu asubuhi, na hicho ndicho cha mwisho.

Mjukuu aliyasikia yote. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akavaa viatu akavuka barabara.

Baadaye nikaona kijana kasimama mlangoni. Nikamuuliza, unamtafuta nani, mwanangu? Akasema, ni mimi, Bibi. Kidevu kile nakijua. Ni cha mama yake, binti yangu, Mungu amrehemu. Kilikuwa kimefichwa humo ndevuni siku zote, na mimi ndiye niliyekuwa nakipaka mafuta.

Akakaa chini karibu na miguu yangu. Akasema:

"Bibi, mimi si daktari. Ni nesi. Nataka nifanye kazi ile na nirudi hapa bila kukuletea ugonjwa. Niache nipimwe."

Nikamwambia nimemwacha. Nikamwambia pia kichwa chake ni kidogo kuliko nilivyodhani.

Jumatatu, 10 Machi

Kafaulu! Wamepuliza mdomo mtupu, akakunja uso. Wamepuliza na barakoa, akatulia kama yuko ibadani. Barua ya ajira kaja nayo mkononi. Kwa furaha nimeishika juu chini mpaka aliponigeuzia. Nimepiga vigelegele, kinyozi kajibu kwa filimbi, nami leo nimemsamehe.

Ningelala kwa amani. Lakini kanisimulia, tena anacheka, kwamba mgonjwa wa kwanza kule wodini kamwambia, "Mwanangu, nenda kaniitie muuguzi."

Mwanangu! Hata jina la muuguzi hawakumpa!

Nimefikiri tangu saa kumi. Matroni anataka kidevu kitupu, sawa, kachukua kidevu. Macho hajayataja. Marehemu babu yake aliacha miwani, mikubwa, yenye fremu nyeusi. Mtu mwenye miwani ile hatumwi kumwita mtu. Mjukuu atasema anaona vizuri. Ndiyo maana kesho asubuhi, kabla hajatoka, namsimamisha mbele ya kalenda. Tarehe yoyote atakayosoma, namwambia amekosea.